Kucha Kumi

Saa tisa usiku, Ulaanbaatar, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na ndani ya hema letu la duara panya anatafuna gunia.
Si panya. Ni Tergel,
miaka minne, usingizini,
kucha nyuma ya goti,
kwaru, kwaru, kwaru,
mpaka shuka lipate doa.

Husemwa upele humwota asiye na kucha.
Huyu wangu kapewa vyote, upele na kucha kumi.
Kila Jumapili nazikata hadi karibu na nyama,
kila Jumatano zimeshajinoa.

Ukurutu. Nililijua jina kabla sijaujua wenyewe.
Jirani yangu Sarnai alimvuta bintiye mlangoni
kama mtu aondoaye nguo penye cheche.
Hauambukizi, nilisema.
Aliitikia kwa adabu, huku akimfunga binti skafu.

Mama mkwe, Dulmaa, alikuja kwa basi kutoka Arvaikheer
na mtungi wa mafuta ya mkia wa kondoo
na shutuma mbili: maziwa yangu, na ukoo wangu.
"Kwetu hajazaliwa mtoto wa kujikuna hivi."
Nilivitazama viwiko vyake, vikavu, vyenye mistari myeupe,
nikammiminia chai.

Daktari Oyunchimeg alimgusa Tergel kwa mgongo wa kidole,
polepole, kama asomaye barua iliyolowa.
Ngozi yake, alisema, ni ukuta wenye matofali
ila udongo wa kuyashika ni haba.
Maji yanatoroka. Baridi inaingia, moshi wa makaa unaingia,
sufu inamchoma.
Hukukosea kitu.
Hilo la mwisho alilisema akiandika, bila kuinua macho,
nami ikanibidi nitoke, nisimame koridoni
kando ya ndoo ya kupigia deki.

Niliporudi alikuwa kwenye hesabu.
Maji ya vuguvugu, dakika kumi, sabuni isiyonukia.
Kausha kwa kugusagusa; taulo si msasa.
Ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta mazito, usiyaonee choyo.
Na ile dawa niliyoiogopa, niliyoambiwa hula ngozi,
mstari kutoka ncha ya kidole hadi pingili ya kwanza
watosha eneo la viganja viwili,
penye wekundu tu, kwa siku nitakazokwambia.
Nilikuwa naiacha siku ya pili.
Siku ya tano moto unarudi, nami nasema: unaona, haifai.

Dulmaa alinyoosha kidole chake cha shahada.
Pingili ya kwanza haipo,
ilibaki kwenye theluji ya mwaka walipokufa farasi wote.
"Sasa mimi nitapimaje?"
Daktari akacheka, kisha akaona haya, kisha Dulmaa akacheka,
nikamwazima kidole changu.

Basi mimi napima, yeye anapaka,
kwa sababu viganja vyake havipoi.
Mtungi wa kondoo tunapakia viatu.
Birika haliteremki jikoni, linapumua mchana kutwa.
Joho la sufu lina fulana ya pamba chini yake,
na Tergel ana ngamia wa mbao anayeumwa sana:
humpaka, humkaripia,
"Usikune. Gusa. Gusa tu."

Hajapona. Masika yao hapa ni vumbi la Gobi,
litakuja, tutaanza tena, na tena.
Daktari hakuniahidi mwisho,
nami nimeacha kumwomba.

Jana kimya kiliniamsha.
Nilipapasa gizani, moyo mdomoni:
Tergel amelala chali, glavu zake za pamba zote mbili ziko mahali pake,
na Dulmaa, anakoroma, amemshika vifundo vya mikono
kama mtu aliyesinzia na hatamu.

Nikarudi kitandani.
Nikajikuta najikuna mkono, mahali pasipo na kitu,
kwaru, kwaru,
hadi kulipopambazuka.